Hoja Isiyotamkwa: Ushawishi wa Picha katika Kampeni za Uchaguzi

Mwezi Septemba 1965 Watanzania walipiga kura kwa mara ya kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Katika majimbo mengi chama hicho, TANU, kiliwasimamisha wanachama wake wawili washindane wenyewe kwa wenyewe, na kwa kuwa sehemu kubwa ya wapiga kura haikujua kusoma, kila mgombea alipewa alama ya kuwekwa kwenye karatasi ya kura: mmoja jembe, mwingine nyumba. Walioteua alama hizo walitafuta vitu ambavyo kila mtu anavijua na kuvihitaji, visivyompendelea yeyote. Kampeni nayo ilidhibitiwa. Wagombea walipanda jukwaa moja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Ilitarajiwa kwamba mambo hayo yakiondolewa, kitakachobaki ni hoja. Alama zenyewe ndizo zilizogeuka hoja. Aliyepewa jembe alijitangaza mtetezi wa mkulima. Aliyepewa nyumba alilazimika kueleza kwamba hata mkulima anahitaji pa kulala. Palikuwa na walioamini kabisa kwamba aliyepata jembe amependelewa.

Miaka arobaini baadaye Kenya ilipita njia hiyo hiyo. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005 kuhusu rasimu ya katiba, tume ya uchaguzi iliupa upande wa Ndiyo alama ya ndizi na upande wa Hapana chungwa: matunda ya sokoni, yasiyo na chama wala kabila. Muda si mrefu waraka mrefu wa sheria ukawa unajadiliwa kwa lugha ya matunda. Hapana ilishinda kwa takriban asilimia 58, rasimu ikafa, chungwa likabaki. Likawa jina na alama ya vuguvugu, kisha ya chama, ODM, kilichogombea urais mwaka 2007. Kura ya maoni ya Agosti 2010 haikutumia matunda tena. Ilitumia rangi, kijani kwa Ndiyo na nyekundu kwa Hapana. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye taa za barabarani anajua rangi hizo mbili zinaamuru nini.

Visa hivi vina uzito kwa sababu picha zake hazikuchaguliwa na wanasiasa. Zilichaguliwa na vyombo vilivyotaka usawa, na bado hazikuweza kunyamaza. Hoja ya makala hii ni kwamba picha ya kampeni hushawishi kwa kuacha sentensi nusu. Mpiga kura ndiye huimalizia, na kwa kuwa ameimalizia mwenyewe, huiona kuwa ni fikra yake. Mgombea hawezi kubanwa kwa jambo ambalo hakulitamka, na mpinzani hawezi kulijibu bila kulitamka yeye kwanza. Maadili yetu ya uchaguzi yanakataza matusi, kashfa na uchochezi, yaani mambo ambayo kwa kawaida tunayatambua yakiwa katika maneno. Kwa upande wa picha tuko karibu mikono mitupu.

Mfano uliochambuliwa kuliko yote unatoka Marekani. Usiku wa tarehe 7 Septemba 1964, kituo cha NBC kilirusha tangazo la dakika moja la kampeni ya Rais Lyndon Johnson, lililotengenezwa na kampuni ya Doyle Dane Bernbach pamoja na mtaalamu wa sauti Tony Schwartz. Msichana mdogo amesimama uwanjani akichambua petali za ua na kuzihesabu, akichanganya namba kama watoto wanavyochanganya. Anapofika mwisho, sauti ya mwanamume inaanza kuhesabu kurudi nyuma, kwa mlio wa kituo cha kurushia makombora. Picha inaganda. Kamera inalisogelea jicho la mtoto hadi weusi wa mboni unajaza kioo, na hesabu ikifika sifuri mlipuko wa nyuklia unatanda. Johnson anasikika akisema maneno machache juu ya kuishi au kuangamia, kisha msimulizi anawataka watu wajitokeze kupiga kura tarehe 3 Novemba.

Jina la mpinzani wa Johnson, Barry Goldwater, halikutajwa. Sura yake haikuonyeshwa. Hakuna sentensi hata moja iliyodai kwamba angeanzisha vita. Lakini Goldwater alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba makamanda wa NATO wapewe mamlaka ya kutumia silaha ndogo za nyuklia, na mtazamaji alikaa mbele ya televisheni akiwa nalo hilo kichwani. Schwartz aliifafanua kanuni hii baadaye katika kitabu chake cha 1973, The Responsive Chord: mtengeneza tangazo hana haja ya kumwingizia mtu ujumbe, kazi yake ni kukigusa kilichomo tayari. Wafuasi wa Goldwater walipolalamika kwamba mgombea wao amesingiziwa, walijikuta wao ndio waliolifunga jina lake na mlipuko ule mbele ya umma. Kampeni ya Johnson ililipia tangazo hilo mara moja tu. Vipindi vya habari vikalirudia bure.

Tusilipe tangazo hili sifa isiyo yake. Johnson alishinda kwa asilimia 61 ya kura, lakini alikuwa akiongoza kwa mbali hata kabla ya Septemba. Kinachotuhusu ni namna lilivyofanya kazi, na namna hiyo mtafiti Paul Messaris aliieleza vizuri mwaka 1997 katika utafiti wake kuhusu ushawishi wa picha. Lugha ina njia za wazi za kusema kwamba hili limesababisha lile, kwamba hili si kweli, kwamba hili ni kweli kwa sharti fulani. Picha haina njia hizo. Huweka vitu viwili kimoja baada ya kingine, au kimoja kando ya kingine, na uhusiano wake tunautunga sisi. Upungufu huo wa sarufi ndio mtaji wa mtengeneza matangazo.

Tuone mtaji huo ulivyotumika mwaka 1988, katika tangazo la kampeni ya George Bush dhidi ya Michael Dukakis, aliyekuwa gavana wa Massachusetts. Kwa picha zisizo na rangi, wafungwa wanaingia gerezani kwa foleni kupitia lango linalozunguka, na hapo hapo wanatoka. Sauti inasema kwamba sera ya gavana iliwapa likizo za mwisho wa wiki wauaji wasiostahili kuachiliwa kwa masharti, na kwamba wakiwa nje wengi walitenda uhalifu mwingine. Wakati huo huo maandishi yanatokea kwenye kioo: 268 walitoroka. Mtazamaji anaunganisha na kupata wauaji 268 walio mitaani. Mtafiti Kathleen Hall Jamieson, katika kitabu chake Dirty Politics cha mwaka 1992, alizitenganisha nyuzi hizo. Idadi ya 268 ilihusu watoro wa aina zote kwa kipindi cha miaka kadhaa, na kati yao waliofungwa kwa mauaji ya daraja la kwanza walikuwa wanne. Namba ni ya kweli. Kwamba wauaji walipewa likizo ni kweli pia. Uongo umekaa katikati, mahali ambapo hakuna aliyesema neno, na ndiyo maana ukitafuta wa kumshitaki humpati.

Hadi hapa nadharia inamfikiria mtu mmoja aliyeketi sebuleni mbele ya kioo. Afrika Mashariki inaongeza jambo ambalo wataalamu hao hawakuwa na sababu ya kulitazama kwa kina. Kwetu, picha nyingi za kampeni hazitazamwi tu. Huvaliwa, hubebwa, huchezwa. Sentensi iliyoachwa nusu humaliziwa hadharani, na umati, kwa mwili. Anayeimalizia huwa amejitangaza mbele ya jirani zake, na kurudi nyuma baada ya hapo ni kugumu zaidi.

Kampeni ya Tanzania ya mwaka 2015 ni darasa zima. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alikuwa ameihama CCM, chama tawala, na kugombea urais kupitia CHADEMA akiungwa mkono na umoja wa upinzani, UKAWA. Afya yake ilikuwa ikizungumzwa mno, majukwaani na vijiweni. John Magufuli, mgombea wa CCM, akapanda jukwaani na kupiga pushapu. Kitendo hicho kilipigwa picha, kikasambaa kwa simu, kikarudiwa mkutano baada ya mkutano.

Maana yake ya wazi iliendana na kaulimbiu ya mgombea, Hapa Kazi Tu: huyu ni mchapakazi, mwili wake ni ushahidi. Hakuna wa kulalamika juu ya hilo. Lakini chini yake palikuwa na maana ya pili, nayo ilimaliziwa na umati kwa shangwe: na yule mwingine, je, anaweza? Swali halikutoka kinywani mwa Magufuli. UKAWA wangelijibu vipi? Kutangaza kwamba mgombea wao ni mzima kungekuwa kulitamka shaka ambalo hakuna aliyelitamka rasmi. Ni mtego ule ule walionaswa watu wa Goldwater, umetegwa bila studio wala bajeti ya televisheni. Maana ya kwanza, iliyo halali, ndiyo iliyoilinda ya pili. Ukiuliza utaambiwa kwamba mgombea alikuwa akifanya mazoezi.

UKAWA nao walikuwa na picha yao, na ilikuwa nzuri mno kwa macho: umati. Mikutano ya Lowassa iliitwa mafuriko. Watu walizungusha mikono kama mwamuzi wa mpira anayeashiria mchezaji wa kubadilishwa, na ishara hiyo moja ilibeba hoja yote ya mabadiliko. Mtoto aliweza kuifanya, na asiyejua kusoma aliielewa papo hapo. Picha za nyomi zilisambazwa kila jioni zikiwa na sentensi yake nusu: tumeshashinda, umebaki wewe tu. Ni hoja yenye nguvu, kwa sababu mtu hataki kubaki peke yake upande wa walioshindwa. Lakini ina udhaifu mkubwa wa kiushahidi. Lenzi ndefu huwabana watu hadi nafasi kati yao zinapotea, na kamera iliyowekwa chini huficha mapengo yaliyo nyuma. Zaidi ya hayo, picha ya umati huwaonyesha waliokuja, basi. Haionyeshi nani kati yao amejiandikisha, na haimwonyeshi mama aliyebaki nyumbani kijijini na uamuzi wake. Kwa matokeo yaliyotangazwa na tume, Magufuli alipata asilimia 58.46 na Lowassa asilimia 39.97. UKAWA waliyakataa matokeo hayo. Nadhani sehemu ya uchungu uliofuata ilitokana na picha hizo, kwa kuwa watu waliokuwa wameona bahari ya wenzao kila siku kwa miezi miwili walikuwa wamekwisha kuhitimisha hesabu.

Kenya ya 2013 naitaja kwa ufupi, ingawa inastahili makala yake. Uhuru Kenyatta na William Ruto walionekana mara kwa mara wamevaa sare: shati jeupe, tai nyekundu. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008, yaliyoua zaidi ya watu 1,100 na kuwaweka Wakikuyu na Wakalenjin pande mbili za uhasama katika Bonde la Ufa, wanaume wawili wa jamii hizo waliovaa kama ndugu walikuwa wametoa ahadi ya amani bila kuiandika. Wote wawili walikuwa wakikabiliwa na mashitaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu kuhusiana na machafuko hayo hayo, na nguo zilizofanana ziligeuza kesi zao kuwa safari moja ya watu wawili. Maswali ya ardhi, fidia na waliofukuzwa makwao hayakuwa na nafasi katika picha hiyo.

Toroli la uchaguzi wa Kenya wa 2022 ni la aina nyingine, na mimi naliona kuwa ndilo alama iliyobuniwa kwa ustadi mkubwa kuliko zote katika siasa za kanda hii tangu jembe la 1965. Chama cha Ruto, UDA, kililichukua kuwa alama yake, na yeye alikuwa amekwisha kugawa matoroli kwa vijana kabla ya kampeni rasmi. Alama nyingi za vyama zimetulia: jogoo, taa, ufunguo. Toroli ni chombo kinachotembea, kinachosukumwa na mtu, na mtu huyo hajachorwa. Nafasi ya mikono iko wazi. Anayetazama huiweka yake. Kaulimbiu ya Kazi ni Kazi iliwaambia wabebaji mizigo na wauzaji wa rejareja kwamba jasho lao lina heshima. Wapinzani walipolicheka toroli na kusema kwamba kijana aliyesoma anastahili zaidi ya hilo, walidhani wanamcheka Ruto. Kijana anayelisukuma alisikia anachekwa yeye. Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga, na hakuna ajuaye toroli lilichangia kiasi gani katika pengo hilo dogo. Ila lilifanikiwa katika jambo moja linaloonekana: lilimfanya mtu aliyekuwa naibu wa rais kwa karibu miaka kumi aonekane kuwa upande wa wasio na kitu.

Kabla ya kufika kwenye kipimo cha kupimia picha hizi, nguo nayo isisahaulike. Khanga, fulana na kofia za chama ni matangazo, na wakati huo huo ni zawadi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilibatilisha vifungu vilivyohalalisha takrima, yaani ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikajaribu kuweka mipaka ya matumizi. Majadiliano hayo yaliitazama nguo kama fedha, yaani kama jambo linaloweza kuinunua kura. Ni sawa, lakini nusu ya kazi ya nguo hufanywa baada ya kupokewa, pale kijiji kinapoamka siku moja kimejaa kijani na njano ya CCM. Anayetazama hawezi kujua nani amevaa kwa imani na nani kwa sababu hana khanga nyingine. Picha inasema tu kwamba wote wamekubaliana.

Sehemu ya giza zaidi ya habari hii ni video. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2017 zilisambazwa mtandaoni video chini ya jina The Real Raila, zilizoonyesha Kenya ya mwaka 2020 iliyotumbukia katika njaa, vurugu na ugaidi kwa kuwa Odinga amekuwa rais. Shirika la Privacy International liliripoti mwezi Desemba mwaka huo kwamba kampeni hiyo ilihusishwa na Harris Media, kampuni ya Texas. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, katika kifungu cha 13, inataja waziwazi maonyesho ya picha miongoni mwa njia za kueneza chuki. Kwa hiyo si kweli kwamba picha ilisahauliwa kabisa. Shida ni kwamba sheria inadai kitisho au tusi linalochochea chuki ya kikabila. Mtoto mwenye njaa si tusi. Mtaa unaowaka si tusi. Nani aliyeuwasha, watu wa kabila gani, mtazamaji wa Kenya aliyeishi Januari 2008 hujijibu kwa kumbukumbu yake, na kumbukumbu haiwezi kushitakiwa.

Wapo watakaosema kwamba wapiga kura si watoto, na kwamba siasa bila picha haijawahi kuwapo. Wana haki kwa yote mawili. Karatasi ya kura yenye alama na sura iliwafungulia mamilioni mlango wa uraia, na sitaki kusikia hoja inayomdharau mtu kwa kuwa anafikiri kwa macho. Ninachopendekeza ni kipimo chenye maswali mawili. La kwanza: sentensi ambayo picha imeiacha nusu, je, mgombea angethubutu kuimalizia mwenyewe, kwa jina lake, jukwaani? Toroli linapita hapa. Ruto aliisema hoja yake ya uchumi wa chini kwenda juu mchana kweupe, na yeyote aliweza kumjibu. Sare za 2013 zinapita nusu. Video za 2017 hazipiti, kwa kuwa zilikuja zimejificha, bila mwenyewe. Pushapu zinapita kwa maana yake ya kwanza na kuanguka kwa ya pili.

Swali la pili: je, picha inajitoa kuwa alama au kuwa ushahidi? Bango maarufu la chama cha Conservative cha Uingereza la mwaka 1978, lililotengenezwa na Saatchi & Saatchi, lilionyesha foleni ndefu ya watu wasio na kazi. Ukosefu wa kazi ulikuwa wa kweli. Waliopanga foleni walikuwa vijana wa chama hicho hicho, walijitokeza wachache kuliko ilivyotakiwa, na picha yao ikarudiwa ili foleni iwe ndefu. Hakuna anayedhani toroli kwenye karatasi ya kura limepigwa picha mahali fulani. Ile foleni kila mtu aliidhani hivyo. Leo programu ya akili unde hutengeneza umati, kilio na moto kwa dakika chache, na swali hili la pili limekuwa zito kuliko la kwanza.

Vyumba vya habari vinaweza kufanya jambo moja mara moja, bila kusubiri bunge. Jamieson na wenzake waligundua kwamba televisheni ikikosoa tangazo huku ikilionyesha kwa kioo kizima, picha huishinda sauti ya mkosoaji na tangazo hupata matangazo ya bure. Walishauri lionyeshwe ndani ya fremu ndogo iliyoinamishwa, lisimamishwe katikati, na marekebisho yaandikwe juu ya picha yenyewe. Mhariri wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kufanya hivyo kesho. Anaweza pia kuacha kuchapisha picha ya umati bila kueleza imepigwa kutoka wapi na saa ngapi.

Kwa upande wetu watafiti, pengo kubwa ni la kumbukumbu. Jumba la makumbusho la Museum of the Moving Image, New York, limeweka wazi matangazo ya televisheni ya kampeni za urais wa Marekani tangu 1952, na ndiyo maana mwanafunzi yeyote duniani anaweza kuichambua ile dakika ya 1964 fremu kwa fremu. Kwetu mabango hubanduliwa, khanga huchakaa, video hufutwa na aliyezipakia. Vyuo vikuu vyetu vianze kuvikusanya vitu hivi uchaguzi ukiwa bado unaendelea, na kila kimoja kiandikwe kilipatikana wapi, tarehe gani, nani alikigawa, na siku ile jukwaani zilisemwa hoja gani, kwa sababu sentensi iliyoachwa nusu haisomeki kwa mtu asiyejua wasikilizaji wake walikuja wakiwa na nini vichwani.